Majiko Thelathini Msimu wa Ukungu

Kwao yule mama mfinyanzi, mwanamume hasogelei moto wa vyungu. Ndivyo mama yake alivyomfundisha, na ndivyo bibi alivyomfundisha mama, kwa hiyo asubuhi ile nilibaki juu kwenye njia, hatua kama mia moja kutoka nyumbani kwake, nikisubiri kama mtu aliyempeleka mgonjwa hospitali akaambiwa akae nje. Nilikaa kwenye jiwe, nikasimama, nikakaa tena. Moshi ulipanda kidogo, ukakutana na ukungu unaoshuka kutoka msitu wa Magamba, vyote viwili vikatanda juu ya migomba. Sikuona kitu. Niliweza kusikiliza tu.

Nikasikia sauti ndogo, pu, kama mtu aliyeangusha kiazi sakafuni. Baada ya muda, pu nyingine. Halafu mbili kwa mpigo.

Nilifundisha sayansi shule ya msingi miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nilijua ni nini. Udongo unaoonekana mkavu kwa nje unaweza kuwa na maji ndani. Ukiutia motoni, maji yale yanageuka mvuke, na mvuke unatafuta njia ya kutoka. Usipoipata unaitengeneza, na njia hiyo ndiyo ufa. Nilikuwa nimewaeleza hivyo watoto wengi, kwa sufuria na kifuniko. Sasa nilikuwa nausikiliza mvuke ukifanya kazi yake, na kila sauti ilikuwa jiko moja la udongo limekwisha.

Yalikuwa majiko kumi na mawili. Yalipasuka tisa.

Niseme kwanza tulifikaje pale. Chama chetu cha wafanyabiashara hapa Lushoto ni kidogo. Tunakutana nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la mwenyekiti, tumekaa juu ya mifuko ya saruji. Yupo mama mwenye mgahawa karibu na soko, yupo mwoka mikate, yupo fundi wa kuchomelea, na wengine wenye maduka ya mbegu na nyumba za wageni. Mimi ni katibu. Zaidi ya kuandika mihutasari, kazi yangu ni kukaa na mwanachama mwenye wazo jipya mpaka wazo hilo liwe kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukinunua. Watu wakisikia habari za ubunifu wanafikiria kompyuta. Mimi huwaambia kwamba mara nyingi mbunifu ni mtu aliyechoka kuungua vidole.

Huyu mama alikuwa amechoka kuungua vidole. Ni mfinyanzi, mjane, anaishi kwa wakwe zake. Alitengeneza jiko la mkaa la udongo lenye kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati pameachwa nafasi tupu. Ukuta wa ndani unashika moto, wa nje unabaki vuguvugu tu, unaweza kulibeba likiwaka. Na mkaa wa chai ya asubuhi unakukuta bado una uhai saa ya kuteleka maharage. Nilipoliona mara ya kwanza nilikaa nalo sebuleni kwangu siku nzima, nikiligusagusa.

Mwezi wa tano chama kilimwalika mnunuzi kutoka Tanga, mwenye duka la vyombo vya nyumbani. Niliwaambia wanachama kila mmoja alete sampuli. Nilieleza vizuri, nilidhani: sampuli ni kitu kimoja kinachosimama badala ya vingi. Yule mama alikuja na jiko lake limeviringishwa kwenye khanga mbili. Lilikuwa jekundu sawasawa kama lililopakwa rangi, bila doa la moshi. Mgeni aliligeuza, akaligonga kwa kidole, likalia kama kengele.

"Nataka thelathini kama hili," akasema. "Mwisho wa mwezi wa saba, Jumamosi ya mwisho, natuma gari."

Yule mama alitazama chini, akasema, "Yatakuwepo." Mwenyekiti akapiga makofi, na mimi nikaandika kwenye daftari. Sikuuliza swali hata moja.

Oda ile haikuwa ya majiko tu. Udongo anaoutumia unapatikana sehemu moja, kwenye kipande cha shamba la bondeni alichoachiwa na marehemu mumewe. Na bondeni kwetu, penye mfereji wa maji, ndipo mahali pa thamani kuliko pote, kwa sababu panalimika hata kiangazi. Shemeji yake alikuwa anapataka apande karoti. Si mtu mbaya, ana watoto wa kusomesha na shamba lake la mlimani limechoka. Alikuwa amemwambia mbele ya ukoo, "Shemeji, nakupa mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Mzigo wako ukiondoka, udongo wako ni mali, nakuachia. Usipoondoka, nalima." Wazee wakaona ni haki. Na akishalima, akageuza na kutia samadi, udongo ule haufinyangiki tena.

Ndiyo maana baada ya moto ule sikuweza kushuka wala kuondoka. Yule mama alipanda mwenyewe mpaka njiani, majivu mikononi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mama. Pole."

"Yamebaki matatu." Alikaa chini, akanyoosha miguu. "Lile la mgeni nililianika wiki tatu. Nililiweka darini juu ya moto wa mama mkwe, nikaligeuza asubuhi na jioni kama mtoto mchanga. Nikalichoma peke yake, kwa kuni za kuchagua. Haya nimeyaanika uani. Uani kuna jua gani mwezi huu?"

"Kwa nini lile ulilifanyia vile?"

Akanitazama kama mwanafunzi aliyeulizwa swali la mtego. "Si ulisema tumletee mgeni? Mgeni unampa chenye kasoro?"

Nilikaa karibu naye kwenye majani yenye umande. Kwetu mgeni akija, jogoo aliyenona ndiye anayekamatwa, na kikombe kisicho na ufa ndicho kinachotoka kabatini. Nilikuwa nimewaambia watu waliolelewa hivyo walete kitu cha kumwonyesha mgeni, nikategemea walete cha kila siku. Sampuli yake ilikuwa zawadi. Na sisi tukaiandikia oda ya thelathini, katikati ya msimu wa baridi.

"Hukuniuliza nimefanyaje," akasema, bila kulaumu. "Ungeniuliza ningekwambia."

Wiki ile sikutulia. Mke wangu aliniambia, "Siku ya nne leo unakunywa chai umesimama. Kiti kimekukosea nini?" Nilikuwa natoka nje kila baada ya muda kutazama juu Magamba, kama ukungu umenyanyuka. Mwezi wa saba haunyanyuki, najua, nimezaliwa hapa. Niliendelea kutoka.

Nikaitisha kikao cha dharura. Mwenyekiti ni mtu wa taratibu. Alipendekeza tuandike barua halmashauri kuomba mashine ya kukaushia. Mwenye nyumba ya wageni akaongeza kwamba barua iambatane na ombi la semina. Nikasimama, nikaambiwa nikae, zamu yangu haijafika. Nikakaa juu ya mfuko wa saruji, nikasimama tena.

"Katibu ana siafu leo," fundi wa kuchomelea akasema, watu wakacheka.

Ndipo mama wa mgahawa akaingilia. Ni mnene, mkubwa wetu kwa umri kasoro mimi, na huwa anakuja kikaoni na aproni yake. Akasema, "Barua haijawahi kukausha udongo. Moto wangu unawashwa kabla ya swala ya alfajiri, haulali mpaka mteja wa mwisho aondoke. Juu yake kuna dari. Unajua darini kwangu kuna nini, mwenyekiti?"

"Mahindi?"

"Panya. Wanaota moto bure. Mama, leta majiko yako."

Hapo kikao kikabadilika. Nyumba zetu nyingi huku milimani bado zina jiko la kuni lenye dari juu yake, mahali ambapo mahindi na mbegu hukaa yakifukizwa moshi yasibunguliwe na wadudu. Joto la pale ni la polepole, halikimbii, na hilo ndilo udongo unalotaka. Mwoka mikate akasema yeye ana tanuru, atayakausha yote kwa siku moja. Nikamweleza kwa nini haifai: joto kali linakausha ngozi ya nje kwanza, ngozi inajikunyata, wakati ndani bado pamevimba kwa maji, basi inachanika kama shati la mtoto aliyekua. Akasema, "Kumbe mkate na jiko si ndugu." Lakini juu ya paa la tanuru lake kulikuwa na ubao wa kuweka unga, vuguvugu mchana kutwa, akautoa. Tukapata nyumba nane.

Yule mama na mama mkwe wake walifinyanga mengine thelathini, ili yawepo ya ziada yakivunjika machache. Mwenyekiti, ambaye bado alikuwa na barua yake mfukoni, alitoa gari lake la kubebea mabati, tukayasambaza yamelazwa kwenye majani makavu ya migomba.

Tangu hapo kila asubuhi nilizunguka nyumba nane. Nilibeba mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia viazi. Jambo lenyewe ni rahisi na nilimweleza kila mwenye nyumba: maji yana uzito. Jiko likiendelea kupungua uzito, bado linatoa maji. Likifika siku halipungui tena, limekauka. Watu walipenda sana mizani. Mama wa mgahawa aliwatangazia wateja wake kwamba ameweka wageni darini na katibu anakuja kuwapima kama watoto wa kliniki.

Lakini wema nao una hasara zake. Fundi wa kuchomelea alikuwa na majiko matatu. Siku ya tano nikamkuta ameongeza kuni mara mbili, moto unanguruma, jasho linamtoka.

"Nimeona yanachelewa, mwalimu. Nikasema nimsaidie mama wa watu."

Nikapanda ngazi. Yote matatu yalikuwa na ufa wa kuingia kidole. Nilipomwambia, alizima moto kwa maji, akakaa mlangoni, hakwenda kazini siku hiyo. Nilikaa naye kidogo, ingawa miguu ilikuwa inataka kuondoka. Nilimwambia kosa lake lilikuwa sawa na langu: sote tulitaka kumaliza kabla ya kuuliza udongo unataka nini. Kwenye nyumba ya wageni paa lilivuja juu ya jiko moja likalainika kama uji. Tukabaki na ishirini na sita.

Ikafika Jumatano, gari linakuja Jumamosi. Kwa siku mbili mfululizo mizani yangu ilikuwa inasema kitu kilekile kwa kila jiko. Nikampigia yule mama aje tuyakusanye. Alizunguka na mimi nyumba zote, lakini hakutazama mizani. Alikuwa analichukua kila jiko, anaweka shavu lake kwenye ukuta wa nje, anafumba macho, halafu anashusha kidole ndani, kwenye tundu dogo aliloliacha kati ya kuta mbili.

Kwa mwoka mikate alirudisha mawili ubaoni. "Haya bado."

"Mizani inasema tayari," nikasema. "Tangu jana."

"Yana ubaridi."

"Mama, Jumamosi imebaki siku tatu."

"Najua Jumamosi iko wapi, mwalimu."

Niliingia nje, nikatoka ndani, sijui nilifanya nini. Ishirini na sita pamoja na matatu ya mwanzo yangekuwa ishirini na tisa, karibu kabisa na thelathini. Nilitaka aniamini mimi na chuma changu. Halafu, nikiwa nimesimama karibu na magunia ya unga, nikajifundisha somo langu mwenyewe. Maji yanapotoka kwenye kitu yanakipoza, ndiyo maana nguo mbichi ni baridi mwilini. Shavu linasikia ubaridi huo hata maji yakiwa kijiko kimoja. Mizani ya viazi kijiko kimoja haikioni, imetengenezwa kwa magunia. Nilirudi ndani nikamwambia hivyo. Mwoka mikate akasema, "Kwa hiyo katibu, tangu wiki jana unatupimia viazi." Yule mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita.

Mawili yakabaki. Alhamisi na Ijumaa akachoma ishirini na manne kwa mafungu mawili. Nilikaa kwenye njia yangu siku zote mbili. Safari hii mama wa mgahawa alishuka kusaidia kupanga kuni, akawa ananipigia kelele kutoka chini, "Mwalimu, acha kuzunguka, utachimba mtaro." Alhamisi sikusikia kitu. Sikuamini, nikadhani masikio yamezeeka. Ijumaa nikasikia pu moja, na kwisha.

Yalikuwa ishirini na matatu. Pamoja na yale matatu, ishirini na sita. Thelathini hayakufika.

Jioni ile, mgahawani, niliandika kwenye karatasi jinsi nitakavyomweleza mnunuzi. Niliandika mara tatu, nikikata. Nilikuwa natafuta namna ya kusema pungufu bila neno pungufu. Yule mama alinyoosha mkono.

"Nipe simu."

Akampigia mnunuzi, akamsalimia, akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua ya huko, akamaliza zote. Kisha akasema, "Majiko ni ishirini na sita. Na sio kama lile. Lile nililifanya kwa ajili yako ulipokuja, moja tu, wiki tatu. Haya yana madoa ya moshi, mengine yameinama kidogo. Yanapika sawasawa na lile. Hayalii kama kengele."

Mama wa mgahawa aliacha kukoroga. Nilikuwa nimesimama, bila shaka.

"Nyie watu wa milimani," sauti ya mnunuzi ikasikika, "mngeniambia hivi mwezi wa tano ningewapenda zaidi."

"Mwezi wa tano ulikuwa mgeni."

"Na sasa?"

"Sasa ni mteja."

Akacheka huko aliko. Akasema gari litakuja, atayachukua yote, na anataka kujua kwa mwezi anaweza kupata mangapi, kwa uhakika. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu, ishirini, nilikuwa nimeshalipigia hesabu ya dari. Nikaufunga. Yule mama alihesabu kwa vidole.

"Baridi hii, kumi na mawili. Jua likitoka nitakupigia mwenyewe."

Jumatatu asubuhi nilipita bondeni, nikijiambia kwamba napita tu. Shemeji alikuwa ameshafika. Alikuwa na jembe, panga, kamba ya kunyooshea matuta, na begani mambo za miti, yaani vigingi vya kufungia kamba hiyo. Yule mama alisimama mwisho wa shamba, amejifunga khanga kiunoni. Tulisalimiana, kisha nikakaa kando ya mfereji, kwa sababu neno la shamba la ukoo si la katibu wa chama.

"Ulisema thelathini, shemeji," akasema yule bwana.

"Nilisema. Yameondoka ishirini na sita."

"Na mengine?"

"Mawili yako kwa mwoka mikate, hayajakauka. Mengine ni vigae, yako nyuma ya jikoni, ukitaka nikuonyeshe."

Nilitamani sana kuingilia. Nilikuwa na maelezo ya mvuke, ya dari, ya oda ya kila mwezi. Nilishika magoti yangu kwa mikono miwili.

Shemeji alitua mambo chini. Akakwangua tope kwenye jembe kwa kidole gumba, taratibu, kama anayepiga hesabu. "Karoti nami sijawahi kuuza zote nilizopanda," akasema hatimaye. "Nyingine zinaoza, nyingine zina miguu miwili, watu hawazitaki." Akatazama shamba lote, kutoka mfereji mpaka kwenye ukingo. "Lakini lote hulitumii. Huo udongo wako unaishia wapi?"

Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Yule mama alichukua jembe mkononi mwa shemeji yake, akaanza kutembea kutoka kwenye ukingo kuelekea mfereji. Kila hatua chache alichimba kidogo, akachukua donge, akalifikicha, akaweka chembe kwenye meno akaitafuna na kutema. Kijivu. Kijivu. Kijivu chenye wekundu. Shemeji alimfuata nyuma na mambo, akichomeka moja kila aliposema. Walipofika karibu nusu ya shamba, udongo ukawa mweusi, laini, wa kulima. Yule mama akatema.

"Hapa ni pako," akasema.

Shemeji akapiga mambo kwa nyuma ya panga. "Umekula shamba, mwanamke wewe."

Yule mama alisogea hatua moja kuelekea mfereji, akachimba ng'ambo ya mambo ile, akainua donge akamwekea kiganjani. Lilikuwa jeusi upande mmoja, upande wa pili kijivu. Shemeji aliligeuza, akalifinya kwa vidole, likashikamana. Akalifinya tena, likatoa umbo la vidole vyake. Kisha akainama, akang'oa mambo, akaisogeza hatua moja kuelekea mfereji, ndani ya upande wake mwenyewe, akaanza kuigongomea upya.